Kuijua Kampuni Kabla ya Kuiamini

Katika biashara, msomaji, utakutana na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mtu wa damu na nyama: jirani auzaye makaa, fundi wa cherehani, mwenye lori. Huyu waweza kumtazama usoni, kuuliza habari za nyumba yake, na kuufahamu mlango wa kubisha akikudhulumu. Wa pili ni mtu wa karatasi. Hana uso wala ukoo. Haugui wala hazeeki. Aweza kudumu baada ya wote waliomwumba kufa. Na akifanya deni, deni hilo ni lake, si lao. Mtu huyu huitwa kampuni. Insha hii inahusu namna ya kumjua mtu wa pili, kwa sababu siku moja atafika mbele yako akitaka fedha yako, kazi ya mikono yako, au saini yako chini ya mkataba, nawe hutaweza kumjua kwa kumtazama.

Usidhani kwamba nimelitunga jina la mtu wa karatasi kwa mzaha. Zamani palikuwa na mtengenezaji wa viatu vya ngozi mjini London, jina lake Aron Salomon. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, akashika karibu hisa zote, akawapa mkewe na watoto wake hisa moja moja. Kampuni iliposhindwa kulipa madeni, ilidaiwa kwamba yeye mwenyewe alipe. Mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza, iliyokuwa katika Baraza la Malodi, iliamua kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama nyuma yake yuko mtu mmoja tu. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, na Kenya ni mojawapo.

Kanuni yenyewe si mbaya. Bila ya kinga hiyo ni wachache wangethubutu kuchanga mali yao wajenge kiwanda, kwa kuhofu kwamba kiwanda kikianguka wangenyang'anywa hata nyumba wanazolala. Lakini sheria ilipompa mtu wa karatasi kinga, ilimdai kitu badala yake: aandikishwe mahali panapojulikana, awataje wanaomwongoza, na daftari lake liwe wazi kwa yeyote atakaye kulisoma. Kulisoma daftari hilo ni haki yako. Watu wengi huipoteza haki hii kwa kutojua kwamba wanayo.

Mimi ni mkazi wa Huruma, mtaa wa Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti mwaka 2024. Hapa petu ni mtaa wa watu wa kipato kidogo na kazi nyingi: wauza mboga, wachukuzi wa sokoni, waendesha bodaboda, washona nguo, wauza mitumba. Mkazi wa Huruma hana fedha nyingi za kupoteza, na kwa sababu hiyo hasara ndogo kwake si ndogo. Shilingi 10,000 zikimtoka, mtoto wake aweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Basi elimu ya kuichunguza kampuni si ya matajiri peke yao, wala si ya wanasheria. Ni ya mtu yeyote ambaye akiba yake imepatikana kwa jasho.

Kabla ya kueleza njia za uchunguzi nataka ushike kanuni moja, maana njia zote zatoka humo. Usiipime habari kwa uzuri wa maneno yake, bali ipime kwa kuuliza msemaji atapata hasara gani maneno hayo yakiwa ya uongo. Tangazo lililobandikwa ukutani halimgharimu mwenyewe ila bei ya karatasi na gundi. Tovuti nzuri hutengenezwa kwa siku chache. Sifa na nyota ambazo kampuni hupewa katika simu zaweza kununuliwa kama njugu. Kwa upande mwingine, mkurugenzi anayetia saini hati ya uongo katika masjala ya serikali hutenda kosa la jinai. Mkaguzi wa hesabu anayeushuhudia uongo aweza kunyang'anywa ruhusa ya kazi yake. Na ushahidi wa mahakamani hutolewa kwa kiapo. Watu hawa nao waweza kusema uongo, maana ni binadamu, walakini uongo wao una bei. Kadiri bei ya uongo inavyopanda, ndivyo habari inavyozidi kustahili kusikilizwa.

Nitakuonyesha kwa mfano niliouona. Miaka michache iliyopita kilikuwako hapa mtaani chama cha wanawake 24. Kila mmoja alitoa shilingi 100 kila wiki kwa muda wa wiki 100, hata fungu la kila mmoja likafika shilingi 10,000, na fedha ya chama chote shilingi 240,000. Akaja mtu mmoja nadhifu, mwenye maneno laini, amechukua karatasi yenye picha za rangi. Alisema ametumwa na kampuni iuzayo viwanja, yenye ujuzi wa miaka 15, na kwamba wakilipa fedha yote kabla ya siku 7 watapata viwanja viwili katika njia ya Turbo kwa nusu ya bei. Mweka hazina wa chama, mama mmoja auzaye omena na mboga, alinijia jioni akiwa na ile karatasi ndani ya bahasha.

"Mwalimu," alisema, "wewe wasoma sana. Nisomee karatasi hii uniambie yasema nini."

"Mama, inayoyasema umekwisha kuyasoma mwenyewe," nilimjibu. "Sasa tusome isiyoyasema."

Karatasi haikutaja nambari ya kuandikishwa kwa kampuni, wala sanduku la posta, wala jengo lenye ofisi, wala nambari ya shamba lililokuwa likiuzwa. Ilitaja nambari ya simu tu. Upungufu huo haukuwa ushahidi wa wizi, kwa kuwa hata watu waaminifu huandika matangazo kwa haraka. Ulikuwa orodha ya maswali yetu.

Swali la kwanza lilikuwa: mtu huyu wa karatasi alizaliwa lini, na wazazi wake ni nani? Katika Kenya kampuni huandikishwa na idara ya serikali ya uandikishaji wa biashara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mtu yeyote aweza kuiomba idara hiyo, kwa njia ya mtandao na kwa ada ndogo, hati iitwayo CR12. Hati hiyo hutaja nambari ya kampuni, siku ya kuandikishwa kwake, anwani yake, wakurugenzi wake na wenye hisa zake. Asiye na kompyuta aweza kusaidiwa katika saiba yoyote ya mtaani. Tuliomba hati, nayo ilionyesha kwamba kampuni ilikuwako kweli, walakini umri wake ulikuwa miezi 11, si miaka 15. Na katika majina ya wakurugenzi wawili halikuwamo jina la yule aliyetujia.

Ukisoma hati kama hiyo, jihadhari na mambo mawili. Kwanza, jina la biashara na kampuni si kitu kimoja. Jina la biashara ni kama vazi la mtu aliyeliandikisha, na deni lake ni deni la mtu huyo mwenyewe. Pili, ukikuta kwamba mwenye hisa si mtu bali ni kampuni nyingine, kazi yako haijaisha. Tafuta hati ya hiyo nayo, uendelee hivyo mpaka ufike kwa mtu mwenye damu.

Swali la pili lilikuwa: anachokiuza ni chake? Tulimtaka atupe nambari ya shamba, naye aliitoa baada ya kuulizwa mara tatu. Kwa nambari hiyo mweka hazina aliomba taarifa rasmi katika masjala ya ardhi. Jibu lilionyesha kwamba shamba lilikuwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, na tena limewekwa rehani katika benki.

Swali la tatu lilikuwa: kitu chenyewe kiko wapi? Wanachama wawili walipanda matatu wakaenda kulitazama shamba. Walikuta mahindi yamefika kiunoni, na mzee mmoja akikata nyasi za ng'ombe, ambaye hakuwahi kusikia kwamba mahali pale panauzwa.

Swali hili la tatu ni jepesi, hata mtu huona haya kuliuliza. Walakini taifa zima limewahi kupata hasara kwa kutoulizwa mapema. Tangu mwaka 1990 kampuni iitwayo Goldenberg International iliahidiwa na serikali ya Kenya fidia ya asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ilizosema inaziuza ng'ambo. Kenya ilikuwa ikichimba dhahabu kidogo mno, na almasi haikuchimba kabisa. Mwanafunzi wa jiografia angaliweza kuuliza: mashimo yako wapi? Mabilioni ya shilingi yalitoka katika hazina ya umma. Mtumishi kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, alizitoa hati zilizolifichua jambo hilo, na malipo yake yalikuwa kukamatwa na kufukuzwa kazi mwaka 1993. Tume ya Jaji Samuel Bosire iliundwa kulichunguza mwaka 2003, baada ya miaka 10 mingine. Natumaini waona kwamba swali jepesi laweza kuhitaji ushujaa mwingi.

Turudi kwa chama cha Huruma. Hatukumhukumu yule mgeni kwa siri. Mweka hazina alimtaka alete barua ya mwenye shamba, idhini ya benki, na mkataba wenye saini ya mkurugenzi mmoja. Hili ni jambo la haki, nawe usiliache: msikilize anayetuhumiwa, maana pengine ana jibu. Huyu hakuwa nalo. Alisema tu kwamba wateja wengine walikuwa wakingoja, na kwamba nafasi hiyo ingepotea kesho.

Chama kilikutana siku ya Jumapili, na palikuwa na maneno makali. Mmoja alisema kwamba Mwalimu anachelewesha riziki ya watu. Baada ya kusomewa hati, wanachama 21 walikataa kulipa. Watatu walichukua mafungu yao wakampelekea mgeni wenyewe. Mwezi wa tatu baadaye chumba alichopokelea fedha kilikuwa na mpangaji mwingine, na simu yake haikupatikana tena. Wale watatu ni majirani zangu hata leo. Si wajinga, wala si walafi. Mmoja wao alikuwa na binti aliyekwisha kuitwa sekondari, na kiwanja cha nusu ya bei kilionekana kwake kuwa njia ya pekee iliyobaki ya kumsomesha. Haja ndiyo ituzibayo macho, na mdanganyifu huanza kazi yake kwa kuisoma haja ya mtu.

Huenda ukasema kwamba haya yote ni taabu bure, na kwamba yatosha kuuliza watu. Ni kweli kwamba watu yafaa waulizwe: mfanyakazi wa kampuni, mwenye kuiuzia bidhaa, mpangaji wa mlango wa pili. Hao huona mambo ambayo hayaandikwi. Mwenye kuiuzia bidhaa hujua kama kampuni hulipa kwa siku 30 au kwa miezi 6, na mfanyakazi hujua kama mishahara huja kwa wakati. Lakini uwaulize waliyoyaona, si waliyoyasikia. Yule mgeni alikuwa akisifiwa katika mtaa mzima. Nilipozifuata sifa hizo, fulani aliambiwa na fulani, na fulani aliambiwa na fulani mwingine, mwisho zote zikarudi kwa mtu mmoja aliyekuwa akilipwa kwa kila mteja aliyemleta.

Eldoret yenyewe ina hadithi ya kutufundisha jambo hili. Mji huu ulianza katika shamba nambari 64, na wazee bado huuita Sisibo kwa sababu ya nambari hiyo. Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilijengwa pale sefu yake ilipoanguka kutoka garini, ikawa nzito haiinuliki, wakaizungushia kuta papo hapo. Kila nikimwuliza msimulizi ameipata wapi habari hii, hunitajia mtu mwingine aliyemsimulia. Huenda hadithi ni ya kweli. Walakini vinywa 1,000 vikikariri neno la kinywa kimoja, shahidi bado ni mmoja.

Swali la nne ni la leseni, nalo huwaponyoka hata watu wasomi. Cheti cha kuandikishwa husema kwamba kampuni ipo. Leseni husema kwamba kampuni imeruhusiwa kufanya kazi fulani, na kwamba yuko anayeisimamia. Benki hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Vyama vya akiba na mikopo vipokeavyo amana husimamiwa na mamlaka iitwayo SASRA. Madalali wa hisa husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na mawakala wapelekao wafanyakazi ng'ambo huandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Wasimamizi hawa hutoa orodha za waliowaruhusu. Tafuta orodha yenyewe uisome kwa macho yako, wala usitosheke na nakala unayoonyeshwa na mtu anayetaka fedha yako.

Kutojua tofauti hii kumeliza watu wengi. Katika miaka ya 2006 na 2007 mchezo wa upatu ulienea nchini Kenya kama moto wa nyika. Baadhi ya walioucheza walikuwa na vyeti halali vya kuandikishwa, wakavitundika ukutani, na watu walipoviona wakadhani serikali imewadhamini. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza jambo hilo iliona kwamba watu zaidi ya 140,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Jirani zetu wa Tanzania nao walipatwa. Huko DECI iliwaalika watu wapande mbegu ya fedha ili wavune zaidi ya walichopanda. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni.

Upatu wa namna hiyo waweza kuupima kwa hesabu ya darasani. Kama kila mtu ni lazima alete watu 10 ndipo alipwe, hatua ya kwanza yataka watu 10, ya pili 100, ya tatu 1,000. Hatua ya nane yataka watu milioni 100, ilhali sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wa Kenya wote, wazee na watoto wachanga, kuwa milioni 47 na laki kadhaa. Mchezo hauna budi kukatika, na wa mwisho ndio walipao. Hali kadhalika mtu akikuahidi faida ya asilimia 10 kila mwezi, shilingi 1,000 zikiachwa zizaliane zitapita shilingi 3,100 kwa mwaka mmoja. Mwulize ni ng'ombe gani, au ni shamba gani la mahindi la Uasin Gishu, lizaalo hivyo kila mwaka bila ya kukosa mvua.

Swali la tano ni la hesabu za kampuni. Kampuni ambazo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, hulazimishwa kutangaza hesabu zake, na benki hufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Usiogope kurasa za tarakimu. Tazama mauzo yanapanda au yanashuka, tazama kama faida iliyoandikwa imefuatwa na fedha taslimu, maana faida huweza kuandikwa kabla ya mnunuzi kulipa, tazama madeni, kisha soma maneno ya mkaguzi wa hesabu, ambayo aghalabu ni machache na yenye maana nzito. Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyowauzia wananchi hisa mwaka 2001, ilianza kutangaza hasara mwaka 2013, ikaendelea mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 2019 benki iliyoidai ikaikabidhi kwa msimamizi. Habari hizo hazikufichwa; zilichapishwa magazetini. Kampuni ndogo hazitangazi hesabu zake hivyo. Kwa hizo waweza kuomba hesabu kwa mwenyewe, na akikataa kuzionyesha kwa mtu anayetaka kumkopesha au kushirikiana naye, huko kukataa nako ni habari.

Tena ziko hukumu za mahakama. Hukumu nyingi za Kenya, pamoja na Gazeti Rasmi la Serikali, husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Andika jina la kampuni uone kama imeshtakiwa, na kwa nini. Kushtakiwa si kuwa na hatia, kwa hiyo usome hukumu mpaka mwisho. Kampuni iliyoshtakiwa mara moja na kushinda si sawa na kampuni inayodaiwa mishahara na wafanyakazi wake kila mwaka.

Ningekuwa nakudanganya kama ningesema kwamba mwenye kufanya haya yote hawezi kudhulumiwa. Imperial Bank ilikuwa na leseni, ikikaguliwa kila mwaka. Mwaka 2015 ilikusanya shilingi bilioni 2 kwa kuuza hati za mkopo, na wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, Benki Kuu iliifunga, baada ya kufichuka kwamba fedha nyingi zilikuwa zimeibwa kwa miaka mingi na vitabu kupangwa vifiche. Wakati ule bima ya amana ilimkinga mwenye akiba kwa shilingi 100,000 tu; mwaka 2020 kiasi hicho kiliongezwa kuwa shilingi 500,000. Uchunguzi hupunguza hatari, hauiondoi. Kwa sababu hiyo mtu mwenye busara huchunguza, na baada ya kuchunguza bado hatii akiba yake yote katika chungu kimoja.

Wala usidhani kwamba kuchunguza ni kazi ya kuwawinda wabaya tu. Uchunguzi huwalinda wema pia. Palikuwa na mfanyabiashara mdogo hapa Eldoret aliyeviuzia vyakula vikundi kadhaa vya mtaani kwetu maharage na unga. Ilivuma kwamba amefilisika, na wateja wakaanza kumkimbia. Tulipouliza kwa utaratibu tulikuta kwamba wenye maghala walikuwa bado wakimpa mali kwa mkopo, kwamba vijana wake walilipwa mwisho wa mwezi, na kwamba uvumi ulianza kwa mshindani wake. Tuliendelea kununua kwake, naye yupo hadi leo. Asiyechunguza huweza kumtajirisha mwivi, na pia huweza kumwangusha mtu mwema. Na kosa la pili si dogo kuliko la kwanza.

Basi nakushauri uanze ungali shuleni, wakati ambapo kujifunza hakukugharimu chochote. Chagua kampuni moja ambayo sabuni yake au unga wake hutumika nyumbani kwenu. Chukua daftari, ugawe ukurasa sehemu nne. Katika ya kwanza andika lililosemwa juu ya kampuni hiyo. Katika ya pili, aliyelisema. Katika ya tatu, atakalolipoteza likiwa si kweli. Katika ya nne, tarehe uliyolipata, maana habari huzeeka, na wakurugenzi wa mwaka jana huenda si wa mwaka huu. Usiandike jambo kuwa la hakika mpaka mashahidi wawili wasiotegemeana wamelithibitisha. Baada ya mwezi mmoja utakuwa unaijua kampuni hiyo kuliko wengi wanaofanya nayo biashara.

Na siku ambayo fedha yako mwenyewe itatakiwa, usikubali kuharakishwa. Kiwanja cha halali kitakuwapo baada ya juma moja, na kazi ya halali itangoja ukaione orodha ya mawakala walioruhusiwa. Ukikuta kwamba kampuni ni njema, fanya nayo kazi bila ya hofu. Ukikuta vinginevyo, waambie jirani zako si kwamba fulani ni mwivi, bali uliona nini, na uliona wapi, ili nao waende wakajionee.